Supachaja ya Crown kwenye 1HZ? Funga turbo, mkuu

Kwa wanaopita tu: jamaa ana Land Cruiser pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, anabeba viazi huko Njombe. Gari inachoka mlimani ikiwa na mzigo na kutoa moshi mweusi. Fundi wake ana supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa, inayozungushwa na mkanda) iliyotolewa kwenye Crown ya petroli, bei poa, na anamshawishi kwamba ni bora kuliko turbo (pampu kama hiyo, ila inazungushwa na moshi wa ekzosti) kwa kuwa nguvu inakuja papo hapo. Anauliza achukue ipi.

Mkuu, chukua turbo. Mimi nafunga turbo kwenye 1HZ hapa Mbeya, na supachaja juu ya dizeli nimeishaiona ikiletwa gereji, kwa hiyo siongei ya kuambiwa.

Tuanze na kinachoisumbua gari yako. Dizeli ya namna hii haina kilango cha kubana hewa kama petroli. Ukikanyaga pedali unaongeza mafuta tu, hewa inaingia kiasi kilekile ambacho silinda inaweza kuvuta. Kuunguza kilo moja ya dizeli kunataka kama kilo 14.5 za hewa kwa hesabu ya darasani, lakini kwenye injini halisi ukishuka chini ya kilo 18 hivi moshi unaanza. Sasa Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar. Pampu yako haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta ya Dar. Yanayokosa hewa ndiyo huo moshi unaouona kwenye kioo, na joto la ekzosti linapanda juu yake. Gari yako ina njaa ya hewa, na hapo fundi wako yuko sahihi. Tunatofautiana kwenye njia ya kuileta.

Hiyo mashine ya Crown, kama ni ile ya injini ya 1G-GZE, ni SC14. Inasukuma takriban lita 1.4 kwa kila mzunguko wake. Ilitengenezwa kwa injini ya lita mbili. 1HZ ni cc 4,164. Ikizunguka 3,000 kwa dakika, bila kusukumiwa chochote, inavuta kama lita 6,200 za hewa kila dakika. Ukitaka psi 7 (kipimo cha presha) za ziada unahitaji lita 7,500 hivi, na ukijumlisha inayovuja kati ya rota (vipande vinavyozunguka ndani yake) na bodi yake, SC14 lazima izunguke kama 6,000. Maana yake puli izungushe mara mbili ya kranki, mlima mzima, mzigo mgongoni. Kuizungusha hivyo kunakula karibu hp 15 kupitia mkanda, kwenye injini yenye hp 130 tu ikiwa mpya. Unazilipa hizo kwa dizeli kabla hujapata faida yoyote. Hewa nayo inatoka ya moto, inakaribia nyuzi 100 bila intakula (kipoza hewa), kwa sababu rota za aina hiyo hazibani hewa vizuri, zinaisukuma tu.

Turbo inazungushwa na moshi ambao ungetupwa nje kwenye bomba. Haitoi bure kabisa, kwani inaibana ekzosti kidogo, ila huwezi kulinganisha na kuning'iniza mashine nzima kwenye mkanda.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Pwani hawalioni. Supachaja ina uwiano mmoja wa puli, inazidisha hewa iliyopo. Ile iliyokupa psi 7 Dar, Njombe itakupa 5 na nusu. Turbo yenye westigeti (kilango kinachopunguza moshi unaoizungusha presha ikitosha) inaongeza kasi yenyewe hewa ikiwa nyepesi mpaka ifike kwenye psi uliyoiseti. Tofauti kwenye geji inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama utapanda na gia ya tatu au ya pili.

Niliyoiona gereji ilikuwa pikapu kama yako, imefungiwa supachaja na gereji nyingine. Breketi ilikuwa bamba la chuma lililochomelewa, limepasuka kwenye tundu la boliti. Mkanda ulikuwa unang'aa upande mmoja kama umepigwa polishi, dalili kwamba ulikuwa unateleza, na vumbi jeusi la raba limejaa hadi kwenye alternata. Mwenyewe alilalamika kwamba asubuhi gari ina nguvu, ikipata joto nguvu inapotea. Ilikuwa haipotei, mkanda ndio ulikuwa unaachia. Tungeweza kuunyoosha mstari wa puli na kuweka mkanda mpana zaidi, lakini alichoka, akaing'oa. Dizeli ya silinda sita inatikisika kuliko petroli ya Crown, na breketi ya kubahatisha haidumu juu yake.

Najua kuna atakayekuja kusema, "mbona Detroit Diesel za zamani zilikuwa na supachaja?" Ni kweli, familia ya 71 ilianza nazo 1938. Lakini zile ni stroki mbili. Pistoni haina mzunguko wa kuvuta hewa, bila ile blowa (ndiyo supachaja yenyewe) kusukuma moshi nje hata kuwaka haiwaki. Ni pumzi yake. Na walipotaka nguvu zaidi kwenye zilezile, walifunga turbo mbele ya blowa. Mwingine ataleta Audi SQ7 ya 2016. Ile ina kikompresa cha umeme wa volti 48 kinachosaidia sekunde za mwanzo, kisha turbo mbili zinabeba kazi. Hata hao waliokuwa na bajeti ya kucheza nayo hawakuiondoa turbo.

Haki yake nitampa fundi wako: supachaja kweli haichelewi. Kama kazi yako ingekuwa kujivuta kwenye tope kwa mizunguko 1,200, ningesita kidogo. Lakini turbo ndogo kwenye 1HZ inaamka mapema, 1,800 hivi unaisikia, na mlima wenye mzigo huupandi chini ya hapo.

Sasa turbo yenyewe. Tafuta CT26, ile ya 1HD-T ya Land Cruiser 80, injini ya ujazo karibu uleule. Ishike shafti kwa vidole: kucheza kidogo upande upande ni kawaida, kucheza mbele na nyuma iache hapohapo dukani. Usizidi psi 7 au 8. Kompresheni ya 1HZ ni 22 na ushee kwa 1, ya 1HD-T ni 18.6, na mwako wa 1HZ unaanzia kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi, kwa hiyo hedi inabeba joto jingi. Wanaotafuta psi 15 ndio wanaopasua hedi katikati ya vali.

Oili ya kuingia chukua kwa ti kwenye swichi ya presha. Ya kurudi ndiyo inayowashinda wengi. Inarudi kwa kuteremka tu, haina presha, kwa hiyo hozi iwe nene, isiwe na kona inayopanda, na iingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ikikwama, oili inapita kwenye sili, unaanza kuona moshi wa bluu na kuilaumu turbo.

Pampu usiiguse wiki za mwanzo. Turbo peke yake itaondoa moshi mweusi. Ukitaka zaidi baadaye, skrubu ya mafuta nyuma ya pampu izungushwe chini ya robo kwa wakati mmoja, na kabla ya hapo uwe umefunga geji ya joto la ekzosti. Sensa ikae kwenye manifoldi kabla ya turbo. Ukiiweka baada yake, inaweza kukudanganya kwa nyuzi 100 au zaidi ukiwa mlimani. Ikigonga nyuzi 700 na bado unapanda, shusha gia: mizunguko ikiongezeka hewa inaongezeka, sindano ya geji inarudi.

Pima kompresheni ya silinda zote kabla hujanunua chochote. Kama ring'i zimechoka na injini inapumulia kwenye dipstiki, hizo hela ni za overhoo. Supachaja mwachie mwenye Crown. Ukipata turbo, tuma picha ya flenji na ya manifoldi yako tuone kama zinakubaliana kabla hujalipa.