Luftwaffe na SS waligombania wafungwa hawa

Umeuliza kama maofisa wa Hitler waliwahi kuvutana wenyewe kwa wenyewe juu ya mfungwa mkaidi. Ndiyo, tena waziwazi: Luftwaffe, yaani jeshi la anga la Ujerumani, na SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi za mateso. Soma habari za Phil Lamason, rubani wa New Zealand.

Agosti 1944 yeye na wanajeshi wa anga wenzake, 168 kwa jumla, walitolewa gereza la Fresnes karibu na Paris wakapelekwa Buchenwald, kambi ya mateso ya SS huko Ujerumani. Waliitwa magaidi, kwa hiyo haki za mateka wa vita wakanyimwa. Wakanyolewa vipara, wakalala nje juu ya mawe, miguu mitupu. Lamason, mwenye cheo kikubwa kati yao, alikataa katakata watu wake wafanyishwe kazi kwenye viwanda vya silaha. Akatishiwa kupigwa risasi, hakulegea.

Sasa, Luftwaffe waliamini mateka wa anga ni wao, si wa SS. Habari za wafungwa hao zikapenyezwa nje kwa siri, na Hannes Trautloft, ofisa wa Luftwaffe, akaja kambini akisema anakagua uharibifu wa mabomu. Akiwa anaondoka, mfungwa mmoja akamwita kwa Kijerumani kutoka nyuma ya seng'enge. Walinzi wa SS wakataka kuwatenganisha. Trautloft akawafukuza, cheo chake kilikuwa juu.

Oktoba 19 wengi wao walihamishiwa Stalag Luft III, kambi ya mateka wa vita ya Luftwaffe. (Msiwapambe Luftwaffe hata hivyo, nadhani waliwafikiria zaidi marubani wao waliotekwa Uingereza.) Amri ya kuwaua ilikuwa imeshatoka. Lamason aliijua, lakini hakuwaambia wenzake.