Theluji kwenye vitabu vya picha: maswali yenu na majibu

Kipupwe kimeingia na maswali yamejaa. Walioniuliza kama sanamu ya theluji inafaa kubandikwa ukutani kwa ajili ya Desemba: bandikeni, ila msiite hilo somo.

Mwalimu wa awali, Makambako: Nina watoto 40 wa miaka mitano na kitabu kimoja cha picha kuhusu theluji. Nimeandaa pamba ili waishike. Inatosha?

Haitoshi, na ni afadhali usiitumie kabisa. Pamba ni kavu, haiyeyuki, na ukiishika inakupa joto. Mtoto aliyefundishwa kwa pamba atakuambia theluji inafaa kujifunika, na wa kulaumiwa hatakuwa yeye. Kila mwaka nalisema hili, na kila mwaka pamba inarudi darasani.

Siku ya kwanza kitabu kikae kabatini. Nunua barafu ya kutosha, kama kilo mbili hivi, iliyogandishwa kwa maji safi, kwa sababu wataitia mdomoni hata ukiwakataza. Chagua vipande vinavyopenya mwanga, uwaonyeshe watoto. Kisha vifunge ndani ya kitambaa safi, uviponde kwa mchi mpaka vipande viwe vidogo kuliko punje ya mchele. Fungua: ile barafu angavu imekuwa nyeupe. Hukuongeza rangi, mwanga unagonga nyuso nyingi ndogo na kurudishwa kila upande. Weupe wa theluji unatokana na jambo hilohilo.

Gawa watoto makundi matano ya wanane, kila kundi na sahani ya bati. Kila mmoja ashike barafu hiyo ya kijiko kimoja, mhesabu pamoja hadi kumi, aachie. Kisha sahani ziachwe mezani mpaka yabaki maji, na watoto wayaone. Waambie wazi kwamba hii ni barafu iliyopondwa: theluji hushuka kutoka mawinguni na ni nyepesi zaidi. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 ikiyeyuka huacha maji ya takriban sentimita moja tu.

Kesho yake ndipo ufungue kitabu. Usiulize "hii ni nini?" maana watakujibu kwa kwaya. Uliza, "Mkono wa mtoto huyu unasikiaje? Glavu zake zitakuwaje akiingia ndani?" Wakisema zitalowa, somo limeingia.

Baba, Uyole: Nimeona video ya Makete, majani yote meupe. Si theluji hiyo? Na kwa nini haishuki Mbeya mjini?

Kila Juni na Julai video hizo huzunguka, na kila mara swali ni hili. Ni sakitu. Usiku wa kipupwe hauna mawingu, ardhi inapoteza joto haraka, na mvuke ulio karibu na majani unageuka barafu hapohapo. Hewa baridi ni nzito, hutelemka mabondeni. Ndiyo sababu shamba la viazi lililo chini huungua na la mlimani hupona, na chai ya Mufindi huumia zaidi kwenye mabonde.

Theluji inahitaji mawingu yenye unyevu na baridi ya kugandisha kwa wakati mmoja. Kwetu baridi kali huja mbingu zikiwa wazi, na mawingu ya mvua huja wakati kuna joto. Mvua ya mawe nayo si theluji: ni matone yaliyoganda ndani ya wingu la radi, yakapandishwa na kushushwa na upepo huku yakiongezeka unene.

Ila usiidharau sakitu. Kama theluji, nayo huzaliwa na mvuke unaoganda bila kupitia umaji, hivyo ni jamaa yake wa karibu kuliko barafu ya friza. Mwenye mtoto Makete au Njombe atandike kitambaa cheusi uwanjani jioni, amwamshe mtoto kabla jua halijachomoza, avalishwe vizuri, na waangalie kitambaa kwa kioo cha kukuzia. Jua likishapiga, hakuna kitu.

Mama, Mafinga: Kitabu kinaonyesha theluji kileleni Kilimanjaro. Mwanangu anauliza, kama kilele kiko karibu na jua, kwa nini kuna baridi?

Mwanao anafikiri. Jua liko mbali kiasi kwamba kilomita sita za mlima si kitu. Hewa hupashwa joto na ardhi iliyo chini, na kadiri inavyopanda hutanuka na kupoa, kwa wastani nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Ikiwa hapa ni nyuzi 20, kule ni kama saba chini ya sifuri.

Kwa mtoto acha hesabu. Mkumbushe safari ya kupanda kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Isyonje, na kule Kitulo: sweta hutolewa kwenye begi wapi? Mwambie pia kwamba picha nyingi za vitabu ni za zamani. Barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912.

Msomaji, hakutaja aliko: Naomba PDF ya kitabu.

Hapana. Maktaba ya mkoa ipo.

Mwalimu, Tukuyu: Nyota zetu za theluji za karatasi zinatoka na ncha nane. Kuna ubaya?

Upo. Maji yakiganda, molekuli zake, yaani vipande vyake vidogo kabisa, hujipanga kwa pembe sita, na umbo hilo hubaki kwenye chembe za theluji. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha mwaka 1885 na kufikisha zaidi ya 5,000. Tafuta yenye ncha nane humo, hutaipata. Nane zinatoka kwa sababu mnakunja nusu, nusu, tena nusu.

Kata mraba wa sentimita 21 kutoka A4. Kunja kona kwa kona upate pembetatu. Tia alama katikati ya upande mrefu. Kutoka hapo kunja upande wa kulia na wa kushoto vipandane, ili upate sehemu tatu zilizo sawa. Kunja tena nusu, ukate mikia ya juu iwe sawa. Kunjo la mwisho msiliruke: bila hilo mchoro hujirudia mara tatu badala ya sita. Sasa kuna tabaka 12, na mkasi wa mtoto hauzipiti kwa karatasi ya fotokopi. Tumia karatasi laini, au mtoto achore na wewe ukate. Msikate kutoka ukingo mmoja uliokunjwa hadi wa pili, nyota itaachana.

Bibi, Njombe: Wajukuu wameletewa vitabu vya mitumba vya Kiingereza. Niwasomeeje?

Shikamoo bibi. Wasimulie picha kwa Kiswahili au Kibena, maandishi yaacheni. Kwanza pekua: kama pengwini na dubu mweupe wako ukurasa mmoja, kiweke pembeni. Pengwini yuko kusini mwa dunia, dubu yule kaskazini, hawakutani. Na kinachoonyesha Wazungu wote wakiishi ndani ya theluji mwaka mzima kinadanganya. Kwao pia kuna kiangazi.

Mwalimu, Kyela: Huku hakuna sakitu wala baridi. Tufanyeje?

Chukueni makopo mawili ya bati, toeni karatasi, kausheni nje kabisa. La kwanza lijazeni barafu iliyopondwa. La pili barafu vikombe vitatu na chumvi kikombe kimoja, mkoroge. Yawekeni juu ya kitambaa kibichi, msubiri dakika kumi. La kwanza litatoa matone, la pili litaota weupe unaokwaruzika kwa kucha, kwa sababu chumvi hushusha joto la barafu chini ya sifuri. Kopo likiwa limelowa nje tangu mwanzo, mtapata barafu laini isiyoonyesha chochote. Mwalimu ndiye akwaruze. Watoto wasilishike kopo la chumvi wala mchanganyiko wake, maana unaunguza ngozi, na kidole kilicholowa hung'ang'ania bati.