Silensa inapanda, inashuka: majibu kwa wenye Prado, Surf na Land Cruiser za zamani

Maswali ya safari hii karibu yote yanalia kitu kimoja, silensa, ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta. Yaani gari imesimama, mguu hauko kwenye mafuta, na injini badala ya kunguruma taratibu kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 650 mpaka 750 hivi inapanda, inashuka, inatetemeka, saa nyingine inazima kabisa. Tangu 2018 sheria hapa Uganda hairuhusu kuingiza gari iliyofika miaka 15, kwa hiyo hizi 4WD za miaka ya tisini tulizonazo ndizo hizo hizo, na inaniuma sana nikiona mtu amechukua pesa za karo ya watoto akanunua sensa (vifaa vya kupima vya injini) tatu kwenye soko la vipuri la Kisekka kumbe shida ni mpira wa hewa uliopasuka. Twende.

Fundi, nina Prado ya 1998, petroli, injini 3RZ. Nikiwasha asubuhi iko sawa, ikishaanza kupata joto RPM inaruka mpaka 1,800 inarudi 1,000 inaruka tena, mimi sijakanyaga kitu. Garaji wananiambia kompyuta imekufa. Ni kweli? – Mbarara

Ndugu yangu, kompyuta usinunue kwanza. Huo mruko wa mpigo mmoja, juu chini juu chini kama mtu anayehema, mara nyingi ni hewa ya ziada inaingia kwenye injini mahali ambapo haitakiwi. Angalia inavyokwenda. Kipepeo cha throtoli (mlango wa hewa ya injini) kimefunga lakini hewa imepata njia nyingine, injini inapanda. Kompyuta inaona throtoli imefungwa na RPM iko juu, inadhani unateremka mlima na umeachia mafuta, inakata petroli. RPM inaporomoka, inarudisha petroli ili gari isizime, inapanda tena, inakata tena. Hapo kompyuta inafanya kazi yake sawasawa, na ukiibadilisha mpya itafanya hivyo hivyo.

Anza na kitu ambacho hakigharimu hata shilingi: maji. Gari ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse, itakuunguza uso) fungua kifuniko cha rejeta uangalie. Kwenye hizi Toyota maji ya injini yanapita pia kwenye throtoli, na sensa ya joto inatakiwa izame kwenye maji. Maji yakipungua au hewa ikibaki ndani, sensa inakaa kwenye hewa na kuiambia kompyuta injini bado ya baridi, basi silensa inawekwa juu wakati injini imeshachemka. Mimi mwenyewe nilihangaika siku mbili na Surf moja, nimefungua throtoli, nimesafisha, nimefunga, hakuna kitu. Siku ya tatu nikafungua rejeta sikuona maji. Nikamimina kidogo kidogo, yanamezwa, povu moja la hewa linatoka, nikamimina tena, ikala kama lita moja na nusu. Nikaiacha ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha na silensa ikatulia pale pale nikiwa bado nimeshika jagi. Ila ukijaza na baada ya wiki yamepungua tena tafuta yanakokwenda, usizoee kujaza tu.

Maji yakiwa sawa nenda kwenye mipira ya hewa. Kuna mnene unaotoka kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye injini) kwenda kwenye busta ya breki (inayoongezea mguu nguvu), kuna wa PCV (wa kurudisha mvuke wa injini uchomwe) unaotoka juu ya injini, na vile vyembamba vyote. Miaka 25 ya joto, mpira kwa juu unaonekana mzima kabisa lakini ufa uko chini kwenye kona, jicho halifiki, kwa hiyo usitazame tu, ukunje na upapase kwa chini injini ikiwa imezimwa. Kidole kikizama umepata mgonjwa wako.

Hapo ukikosa ndipo uje kwenye valvu ya silensa yenyewe, ile iliyofungwa kwenye throtoli, ambayo ikijaa masizi inakwama ikiwa wazi.

Mimi nina Surf V6 otomatiki. Nikikaribia mataa au raundi abauti na kuachia mafuta inazima, hasa nikiwa nimewasha AC. Fundi alikaza skrubu ya silensa ikapona wiki moja, sasa imerudi na ikiingia gia inashtuka. – Jinja

Nnyabo, pole, na hii ndiyo inanitisha kuliko zote za leo. Injini ikizima ukiwa unatembea usukani unakuwa mzito ghafla, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu halafu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiwa kwenye mteremko na watoto nyuma sio mchezo. Kwa hiyo mpaka itengenezwe usiende nayo mbali.

Ya kwako ni kinyume ya yule wa Mbarara, yeye hewa imezidi, wewe hewa haitoshi. Throtoli imefunga, hewa ya silensa inatakiwa ipite kwenye kijia chembamba na valvu yake, na vyote vimejaa masizi meusi yenye mafuta. AC ikiingia inaongeza mzigo, valvu inatakiwa ifunguke zaidi kidogo, haiwezi, gari inazima. Skrubu ilifungulia hewa kwa nguvu, ndiyo ukaona nafuu, lakini uchafu bado uko pale pale, na silensa ikiwa juu gia ya otomatiki inaingia kwa kishindo, ndio huo mshtuko. Kila kishindo kinachosha gia boksi.

Mwambie fundi atoe throtoli nzima, asipulizie dawa juu juu kwa mlangoni. Asafishe ukingo wa kipepeo mbele na nyuma kwa dawa ya kabureta na mswaki laini, atoe valvu ya silensa asafishe kijia chake, aweke gasketi mpya, halafu skrubu irudi ilipokuwa. Dawa isimiminike kwenye sehemu ya umeme ya valvu. Na waya wa sensa ya hewa, kama yako ina ile ya waya mwembamba, usiguswe na kitambaa wala mswaki, una dawa yake, unapuliziwa tu na kuachwa ukauke. Akimaliza betri ikatwe dakika kama kumi na tano hivi ili kompyuta isahau ilichozoea wakati wa uchafu, halafu iwashwe ingurume yenyewe mpaka ipate joto, kwanza bila AC, baadaye na AC.

Eti naweza kupulizia petroli kwenye manifoldi ili nijue hewa inaingilia wapi? Nimeona mtu akifanya. – Kampala, Ndeeba

Hapana ssebo, tafadhali. Egzosti iko hapo hapo ni ya moto, na waya za plagi za zamani zinatoa cheche usizoziona mchana. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida, injini ikiwa kwenye silensa pulizia kidogo kwenye kila kiungo cha mpira na kwenye gasketi ya manifoldi, mbali na koili na distribyuta, yaani sehemu za umeme wa plagi. Ufa ukinywa maji sauti inabadilika sekunde ile ile. Rudi usiku pia, giza totoro, boneti wazi, utaona kama waya za plagi zinamulika bluu, maana injini inayotetemeka bila RPM kupanda na kushuka mara nyingi ni plagi moja haichomi na wala sio hewa.

Busta ya breki nayo inaweza kuharibu silensa? – Masaka

Ndiyo. Gari iko kwenye silensa, kanyaga breki ushikilie. Ukisikia fssss isiyoisha kutoka pale miguuni na silensa inabadilika muda wote umeshikilia, diafragma (mpira wa ndani) ya busta inavuja. Kuthibitisha, zima, ubane ule mpira mnene kwa koleo iliyofungwa kitambaa, washa ukiwa umesimama hapo hapo. Ikitulia umejua. Toa koleo kabla gari haijasogea hata hatua moja, bila busta pedeli ya Prado ni ngumu na gari haisimami upesi.

Land Cruiser 1HZ, dizeli. Asubuhi inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe na kutetemeka, inataka kuzima, baada ya dakika kadhaa inatulia yenyewe. Nimeambiwa pampu ipelekwe kupimwa. – Gulu

Mzee wangu, sahau habari ya throtoli na sensa, 1HZ ni pampu ya mekanika na haibani hewa kama petroli. Shida yako ina harufu ya hewa kuingia kwenye njia ya mafuta usiku. Gari ikilala, dizeli inarudi polepole kwenye tanki kupitia kiungo kilicholegea, hewa inakaa mahali pake, asubuhi pampu inapiga hewa na mafuta pamoja.

Jaribu hivi kabla hujafungua pampu ambayo ni pesa nyingi. Jioni kabla ya kulala bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Asubuhi kabla ya kuwasha ibonyeze tena. Ikiwa laini kama mpira wa baiskeli uliotoka upepo, mafuta yamerudi. Ukiibonyeza mpaka ikakaza halafu ukawasha na ikawaka safi, basi ushahidi umeupata. Sasa weka kipande cha bomba la plastiki la kuonea ndani, lile gumu kidogo linalovumilia dizeli, kati ya filta na pampu, na mapovu utayaona yakipita moja moja. Yakionekana rudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka kwenye tanki: mipira, klipu, na hiyo pampu ya mkono yenyewe, mpira wake wa ndani hukauka. Mafundi wengi huruka vile vimpira vya kurudishia mafuta juu ya nozeli na vinapasuka vile vile.

Maji nayo yaondoe chini ya filta kwenye skrubu yake, hasa kama unajaza kutoka kwenye jerikani. Na kama mapovu hamna, pima plagi za moto (zinazopasha injini kabla ya kuwaka), 1HZ inazo sita, mbili zikifa tu utapata moshi mweupe na mtetemo huo huo asubuhi.

Hilux ya kabureta 22R, Kampala iko vizuri, nikifika nyumbani inatoa moshi mweusi na silensa mbovu. – Kabale

Ni mlima. Kampala ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000, hewa huko ni nyepesi na kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli ile ile. Kama gari inaishi Kabale irekebishwe Kabale, injini ikiwa ya moto na eya klina safi, mchanganyiko upunguzwe petroli kidogo. Kama unakwenda tu wikendi iache.

Surf yangu ya 1996 haina soketi ya mashine za siku hizi za kusomea makosa, garaji tatu zimeshindwa kusoma. Nibahatishe sensa gani kwanza? – Fort Portal

Usibahatishe, gari yako inajisomea yenyewe. Tafuta kiboksi kidogo kwenye injini kilichoandikwa DIAGNOSIS, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, haya mawili tu, rudia kusoma ramani kabla hujachomeka. Fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma haina kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mbili, ikanyamaza, mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Nne halafu moja, 41, sensa ya throtoli. Tatu halafu moja, 31, upande wa kupima hewa.

Ikitoka 22 bado usiende dukani. Chomoa soketi ya hiyo sensa, angalia kama waya zimeoza au zina kutu ya kijani, halafu pima sensa yenyewe kwa mita ya umeme: injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, isome kati ya omu 2,000 na 3,000, na ikishafika nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 200 na 400. Ikisoma hivyo sensa ni nzima, fuata waya. Isiposoma, ibadilishe hiyo moja tu, ukate betri, uipige tena TE1 na E1 uone kama 22 imeondoka.