Haki ya Kesi za Madai Haisomeki Kwenye Hukumu Peke Yake

Msomi wa sheria anayetaka kuchunguza haki katika mashauri ya madai kwa kawaida huanzia kwenye hukumu zilizochapishwa, na hapo ndipo anapopotea. Hizo ni kesi zilizogombewa hadi mwisho. Nyingi huishia njiani: wadaawa (mdai na mdaiwa) hupatana, mdai hujitoa, au mdaiwa hatokei na hukumu ikatolewa upande mmoja. Aliyeumizwa na utaratibu mara nyingi yumo kwenye hizo zilizoishia njiani.

Anzia masjala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada. Omba kibali cha maandishi mapema, ueleze majalada ya miaka ipi unayataka na jinsi utakavyoficha majina. Chukua sampuli kutoka kwenye rejista ya kufungulia kesi, wala si rafuni, kwa sababu jalada lililopotea nalo linakwambia kitu. Kesi zikiwa 3,000 na unataka 300, bahatisha namba kati ya 1 na 10, kisha chukua kila ya kumi kuanzia hapo. Chagua kesi kwa mwaka wa kufunguliwa, si kwa mwaka wa kumalizika, tena mwaka uliopita zamani kidogo; ukichukua wa juzi, kesi zinazokokota hutaziona mwisho wake.

Fomu yako ya kujazia habari za kila jalada iwe na tarehe ya kufungua, namna wito ulivyofikishwa (mkononi, kwa kubandikwa, gazetini), nani ana wakili, maahirisho mangapi na nani aliyaomba, kiasi kilichodaiwa, kilichoamriwa na kilicholipwa. Hicho cha mwisho husahaulika mno, ilhali hukumu isiyokaziwa, yaani isiyotekelezwa, haimlishi mtu. Ijaribu fomu kwa majalada 20 kabla ya kazi yenyewe. Kisha watu wawili wajaze majalada 30 yaleyale bila kuonana. Wakitofautiana sana, usiwalaumu kwanza. Maelezo ya fomu ndiyo yenye utata.

Kwenye kutafsiri ndiko watu huumbuka. Wadai wakishinda nusu ya kesi, usiandike kwamba mizani iko sawa. Priest, msomi wa sheria, na Klein, mwanauchumi, walieleza mwaka 1984 kwamba kesi zilizo wazi hupatanishwa, zikabaki zile zenye shaka, hivyo kiwango cha ushindi kinaweza kuvutwa kuelekea nusu hata sheria ikiegemea upande mmoja. Na Galanter, msomi wa sheria, mwaka 1974, alitofautisha mdaawa wa mara moja na yule anayerudi mahakamani kila siku, kama kampuni ya bima. Huyu wa pili huweza kupatana kwenye kesi inayoweza kumletea uamuzi mbaya na kuigombea ile itakayomjengea kanuni. Kwa hiyo hesabu jina moja linajirudia mara ngapi kwenye rejista.

Wakili naye ni mtego. Mwenye kesi nzuri hupata wakili kwa urahisi zaidi, basi ushindi wake si lazima utokane na wakili. Linganisha madai ya aina moja na ukubwa unaokaribiana.

Ukihoji wadaawa, tenga swali la "ulisikilizwa?" na lile la "ulishinda?". Utafiti wa Thibaut, mwanasaikolojia, na Walker, msomi wa sheria, wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa nafasi ya mtu kueleza upande wake huathiri anavyouona uadilifu wa utaratibu. Hoji kabla ya hukumu, ukiweza, na tena baadaye. Na pale kwenye korido usimshauri mtu ajibu vipi, hata akikusihi: ukishamshauri, kesi yake itoe kwenye sampuli.