Barua kwa mwanangu: ile rekreasyo yako

Mama Nsimire, jambo huko kwenye baridi.

Message yako niliipata juzi lakini umeme ulikuwa umekatika, nikabaki nayo kichwani siku mbili, njo maana leo nakuandikia ndefu. Unauliza usome uinfirmiye, yaani uuguzi, kama papa yako, ama uchukue haya masomo ya kutibu watu kwa michezo na burudani wanayoita rekreasyo, na kama hiyo ni kazi ya kweli ama ni kuchekesha wazee tu.

Nilipomsomea mama yako akashtuka, "Rekreasyo? Si ile kengele ya saa nne shuleni watoto wanatoka kununua mandazi?" Alifikiri tuliuza kiwanja ili uende Kanada kuwa MC wa harusi.

Mimi sikucheka sana, juu iko kitu cha zamani sikuwahi kuwaambia ninyi watoto. Wakati nilikuwa infirmiye kwenye kituo cha wagonjwa wa akili walinipa kazi ya kushughulisha wagonjwa mchana, na mimi unanijua napenda mpira, basi kila siku ni mpira, vijana wanakimbia, vumbi linapanda, naona kazi imeenda. Kulikuwa na mzee mmoja anakaa kwenye ukuta, miezi mitatu haongei. Kwenye fishi yake nikaandika "anakataa kushirikiana". Niliandika kwa mkono wangu. Siku moja mama wa kufagia, ambaye alitoka naye upande mmoja wa kisiwa cha Idjwi, akamwekea magotini kipande kilichochanika cha wavu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikasogea kusaidia kufunga fundo, mzee akaninyang'anya na neno la kwanza nililosikia kwake lilikuwa tusi: fundo gani hii ya mjinga! Kumbe ni mvuvi tangu utoto na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Hakupona siku ile, haikuwa ushuhuda wa kanisani, ila alianza kukaa na wenzake kwenye meza ya chakula.

Sasa nikisoma programu yako naona wenzetu walifanya somo zima kwa lile kosa langu. Kwanza unampima mtu, alikuwa nani, anapenda nini, mwili wake unaweza nini, halafu unapanga, unafanya, unaangalia kama imesaidia, unaandika. Mtu wa kiharusi hachezi karata kupoteza saa tu, unamwekea lengo, kwamba baada ya wiki 4 ashike karata 5 kwa mkono ule mdhaifu bila kuangusha, na ukiona haifiki unabadilisha. Huko Marekani kazi hii ilikua sana kwenye hospitali za wanajeshi waliojeruhiwa kwenye vita ya pili ya dunia. Kwa hiyo ndiyo, ni kazi ya kweli, na ni ngumu kuliko sindano, juu sindano haikuulizi mgonjwa anapenda nini.

Na usiseme ni mambo ya wazungu. Hapa hapa Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi ya daktari Mukwege, wanawake waliofanyiwa ukatili wanatunga nyimbo zao na kuzirekodi, mtu wa muziki na mtu wa saikolojia wako pamoja nao. Si sawasawa na somo lako lakini ni majirani.

Tuje kwenye karatasi, hapo usifanye haraka. Nilipekua na binamu yako kwenye simu yake. Kile cheti kinachojulikana cha kazi hii, CTRS, kinatolewa na baraza la Marekani linaloitwa NCTRC, na hata huko Kanada kuna waajiri wanaokiulizia. Kinataka lisansi (digrii ya univasiti), staji (mazoezi ya kazi) isiyopungua saa 560 kwa wiki 14 mfululizo, halafu mtihani, na kila miaka 5 unakihuisha. Diploma yako ya miaka 2 peke yake haifiki hapo! Inaweza kukupatia kazi kwenye nyumba za wazee, sawa, lakini kabla hujalipa minerval, ile ada ya masomo, waulize shule kwa maandishi kama masomo yao yanahesabiwa ukitaka kuendelea univasiti. Wakijibu kwa mdomo tu, wewe ngojea maandishi.

Pesa nayo, infirmiye analipwa zaidi, nisikudanganye. Na kama unawaza siku moja kurudi Bukavu, hapa hutapata bango la kazi lenye jina hilo, itabidi uwe na kitu cha pembeni, kine (kunyoosha viungo) ama saikolojia, upitie mlango huo. Mimi nilitaka uwe infirmiye kwa sababu niliogopa, si kwa sababu nilikujua. Mama yako anasema hivyo hivyo na safari hii sibishani naye. Chukua hii rekreasyo.

Ila nusu mwaka huu, wakati bado unaogesha wazee hapo unapofanya kazi, omba wakuache ukae na yule anayeongoza shughuli za mchana, hata bure, saa chache kwa wiki. Utazoea watu halafu watakufa, wengine kabla ya lengo lako la wiki 4, bora ujue mapema kama moyo unabeba.

Na yule bibi wa chumba cha mwisho uliyesema kila siku anakataa bingo, muulize kabla ya uzee alikuwa anafanya nini. Halafu uniandikie.

Papa