Muulize Mkodisha Maturubai

Niliporudi Mtwara baada ya miaka sita ya Dar es Salaam, malalamiko yangu ya kwanza kwa dada yangu yalikuwa kwamba huku hakuna sanaa. Tulikuwa tumekaa barazani na sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, katikati yetu. Akamaliza kumenya wake, akautafuna taratibu, ndipo akaniuliza, "Na ile ngoma uliyosema jana imekunyima usingizi, ulidhani jenereta?"

Sikuwa na jibu. Mjini nilizoea sanaa yenye tangazo. Kulikuwa na maonyesho Nafasi Art Space kule Mikocheni, vinyago Mwenge, wachoraji wa tingatinga Oysterbay. Unaona saa ya kuanza, unapanda daladala, unafika, unazunguka ukutani, unakunywa soda, unarudi. Hapa nikawa natafuta ukuta wa namna hiyo. Sikuuona, nikahitimisha kwamba mji umelala. Watu wa kwetu wanasema "Mtwara kuchele", yaani kumekucha. Mimi ndiye niliyekuwa bado sijaamka.

Kinachonichekesha sasa ni kwamba nusu ya nilivyovishangaa Dar vilitoka huku. Wachongaji wengi wa Kimakonde waliifuata ajira na soko Dar kutoka nyanda hizi na kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, alizaliwa Masasi mwaka 1934. Alifika Dar akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, na baadaye kazi zake zikazunguka Ulaya, Japani na Marekani, hadi alipofariki mwaka 2005. Nilikuwa nimelipa nauli ya siku nzima kwenda kushangaa vitu vya nyumbani.

Basi haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ya ile ming'oko, kwa yeyote aliyehamia kusini kikazi, au aliyezaliwa hapa akaondoka na kurudi kama mimi.

Anza na kalenda, na kalenda ya huku ni korosho. Minada inaanza kuelekea Oktoba, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, anasubiri hela iingie benki. Ikishaingia utaona mabadiliko kabla hujasikia ngoma: foleni kwenye mashine za kutolea fedha, mabati mapya juu ya pikipiki, cherehani zinazokesha. Harusi zinafuata, na sherehe za kuwatoa wali, yaani vijana waliochezwa jando au unyago, zinafuata. Siku hizi jando na unyago vinapangwa pia kwa likizo za shule, kwa hiyo Juni na Desemba ndiyo miezi ya kutopanga safari nyingine. Ukija Februari ukakuta kimya, usiuandikie mji barua ya malalamiko. Mfuko umekauka tu.

Lakini kalenda haikupi siku wala mtaa. Vikundi vya ngoma hapa havibandiki karatasi. Habari inapita kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtu wa bodaboda, na mgeni haimfikii mpaka asikie mlio wenyewe saa nne usiku, kesho yake ana kazi. Miezi mitatu nilikuwa nasikia sherehe badala ya kuziona. Kisha nikagundua kwamba mtu mwenye ratiba kamili ya sanaa ya mji huu anakaa mkabala na nyumba yangu, Chuno, kwenye banda lililojaa viti vya plastiki.

Mkodisha maturubai anajua yote. Anajua kufikia Jumatano nani ana shughuli Jumamosi, viti vingapi, kama kuna spika au ngoma yenyewe, kama kikundi kinatoka mjini au kinaletwa na Fuso kutoka Tandahimba. Hana sababu ya kuficha, ni biashara yake. Nilianza kwa salamu, nikaendelea kwa kumnunulia kahawa, na siku moja nikamwambia wazi kwamba napenda ngoma ila huwa sijui ziko wapi. Akacheka. "Dada'angu, ungesema mapema. Wewe niulize mimi, mimi ndiye naisimamisha hiyo shughuli." Kama mtaani kwako hakuna mkodisha maturubai, fundi cherehani anayeshona sare za harusi anamkaribia kwa taarifa. Wapiga picha za video nao wanajua, ila habari huwafikia wakiwa wamechelewa.

Ukishajua mahali, jinsi ya kwenda. Mimi hufika nimejifunga khanga, hata kama nimetoka kazini na suruali. Nakwenda kwanza walipo kinamama wakubwa, shikamoo moja moja, naomba ruhusa ya kukaa. Sijawahi kukatazwa. Na usiende mikono mitupu. Mchezaji akikufurahisha anatuzwa, unainuka, unacheza hatua mbili tatu kumfuata, unampa noti. Vunja fedha mapema, elfu moja moja na elfu mbili, maana kusimama mbele ya mpiga ngoma ukipekua mkoba kutafuta ndogo kuliko elfu kumi ni aibu ambayo kinamama hawaisahau. Mimi nimejiwekea elfu kumi kwa shughuli, shughuli mbili kwa mwezi, basi. Msimu wa korosho bajeti hiyo inavunjika, nakiri.

Simu ni suala lenye uzito zaidi. Sindimba ikichezwa uwanjani, viuno vinazunguka na watu wamejaa duara, piga picha kama wengine, ukiomba kwanza. Mambo ya mwali ndani ya nyumba na anayofundishwa na makungwi wake si ya simu, na kama hukuchezwa unyago wa huko si ya macho yako pia. Nimeona wageni wakilazimisha kwa maneno ya "tunahifadhi utamaduni". Wenye utamaduni wameuhifadhi muda mrefu kwa njia hiyo hiyo ya kufunga mlango.

Nami nilikosea, tena vibaya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu utotoni kuona midimu, wachezaji wa Kimakonde wanaovaa vinyago, kwa karibu. Mdimu akatoka, uso wa mbao, mwili wote umefunikwa nguo, miguu inapiga vumbi kwa kasi ambayo sijui pumzi inatoka wapi. Nikamtazama miguuni, nikaitambua ile kandambili iliyofungwa kwa waya. Nikasema kwa sauti, kwa furaha kabisa, "Huyu si yule fundi baiskeli wa pale sokoni?" Bibi aliyekaa kando yangu akanifinya paja. Akanikazia macho: "Huyo hana jina." Nikanyamaza hadi mwisho. Anayevaa kinyago hicho haulizwi wala hatajwi, na kila mtu pale, pamoja na watoto wakubwa, anajua kandambili ni za nani. Kutojua kwa pamoja ndiyo heshima yenyewe. Baada ya wiki nilipeleka baiskeli ya mtoto wa dada kwa fundi huyo. Hatukuzungumza lolote zaidi ya mnyororo.

Sasa vinyago, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha, nami nikiwemo.

Kinyago cha kwanza nilichonunua baada ya kurudi nilikinunua kwa shilingi 45,000 nikaambiwa ni mpingo. Nilikiweka juu ya meza, kitambaa cheupe chini yake. Mvua za masika zilipokolea na nyumba ikawa na unyevu, weusi ukahamia kwenye kitambaa. Ilikuwa mbao nyingine kabisa iliyopakwa kiwi ya viatu. Sikumrudia muuzaji, nilimwendea mchongaji mzee nikamwomba anifundishe.

Hakunipa somo refu. Aliokota kipande cha taka chini ya kiti chake, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikazama kama jiwe. Mpingo uliokomaa ni mzito kuliko maji. Kinyago kizima huwezi kukitumbukiza dukani, lakini unaweza kukinyanyua. Kama mkono wako haushtuki, kuwa na shaka. Kigeuze, tazama kitako. Mti wa mpingo una moyo mweusi na ganda jeupe la manjano kulizunguka, na wachongaji wengi huacha utepe wa ganda hilo uonekane. Halafu lowesha ncha ya khanga, sugua mahali pasipoonekana. Ukinunua, usikiweke juani wala mbele ya feni. Mpingo ambao haujakauka vizuri hupasuka, na ufa huo haurudi.

Bora zaidi ununue kwa mchongaji akiwa kazini, ukaone tezo inavyokula gogo, kisha patasi, kisha tupa na msasa. Na uulize. Yale magogo ya watu waliopandana, yanayoitwa ujamaa, yana mtu wa chini kabisa aliyebeba wote. Mwombe mchongaji aanze na huyo, utapata hadithi ya ukoo mzima. Yale ya shetani, yenye jicho moja na viungo vilivyopinda, ni mtindo ulioshika miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa. Vinyago vya kuvaa kwenye ngoma ni kitu kingine, vinachongwa kwa mbao nyepesi, kwa sababu hakuna shingo itakayocheza usiku kucha na mpingo usoni.

Kuhusu bei, punguziwa kidogo lakini usibishane kama unanunua nyanya. Mti ule huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na viwanda vya Ulaya vinaugombea kwa ajili ya klarineti. Jirani zetu wa Kilwa wameuchukulia kwa uzito, misitu ya vijiji vyao ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora mwaka 2009. Ukikuta kinyago kikubwa cha mpingo kwa bei ya chapati, mmoja kati yenu anadanganywa.

Jumapili ambayo hakuna shughuli naenda Mikindani, mji mkongwe wa pwani, kama kilomita kumi tu. Wageni wote hupiga picha Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mimi napenda kutembea kwenye vichochoro vya chini, nikitazama milango ya nakshi kwenye nyumba za mawe ambazo nyingine hazina hata paa.

Na usidharau bajaji. Mji huu unatembea kwa bajaji, na nyuma ya nyingi kuna maneno na michoro iliyopigwa kwa brashi na kijana ambaye hajawahi kujiita msanii. Kazi hizo zinapungua, mabango ya kuchapa yanazifuta kwenye kuta za saluni, moja baada ya nyingine. Mwaka jana nilimlipa mmoja aandike jina la genge la mama, akaongeza samaki changu na kikapu cha bilinganya bila kuombwa. Mama analalamika kwamba bilinganya zile ni nzuri kuliko za mezani, wateja wanazitaka zile.

Naandika haya Alhamisi mchana. Simu imelia sasa hivi, ujumbe wa jirani yangu wa maturubai: Jumamosi, Mangamba, viti mia mbili, midimu. Nina noti moja ya elfu kumi na duka la pembeni linasema halina chenji.