Maswali kumi ya msongo: je, alama 27 ina maana mtu ana msongo sugu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya ghala na usafirishaji hapa Kurasini. Januari tuliwapa wafanyakazi 64 dodoso la msongo wa mawazo la maswali kumi, lile linaloitwa PSS. Tulilitoa mtandaoni kwa Kiingereza tukalitafsiri wenyewe ofisini. Wastani umekuja 21 kati ya 40, na watu 11 wamefika 27 au zaidi. Bosi anataka majina ya hao 11 ili wasaidiwe. Je, hao ndio wenye msongo sugu? Na safari ijayo naweza kutumia lile fupi la maswali manne?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na la haraka: majina usimpe bosi. Sababu nyingi ziko ndani ya hizo karatasi ulizokusanya.

PSS ilitungwa Marekani na Sheldon Cohen na wenzake wawili, ikachapishwa mwaka 1983 ikiwa na maswali 14. Hili la maswali kumi lilikuja baadaye. Linamuuliza mtu jambo moja kwa njia mbalimbali: mwezi uliopita uliyaonaje maisha yako, uliyamudu au yalikulemea? Madereva wawili wanaweza kukwama kwenye foleni ileile ya Tunduma siku tatu, mmoja akapata 12 na mwenzake 30, na wote wamesema kweli. Tunachopima ni uzito anaousikia aliyebeba mzigo. Ukubwa wa mzigo wenyewe haumo.

Hiyo 27 najua umeitoa wapi. Mtandaoni kuna mgawanyo unaozunguka: 0 hadi 13 msongo mdogo, 14 hadi 26 wa kati, 27 hadi 40 mkubwa. Waliotunga kipimo hawakuchora mstari huo, wala hawakukitunga kimwambie mtu kwamba ni mgonjwa. Ni alama 40 zilizokatwa mafungu matatu, basi. Aliyepata 26 na aliyepata 27 wametofautiana tiki moja, lakini kwenye orodha ya bosi mmoja yumo na mwingine hayumo.

Sasa chukua karatasi zenyewe. Swali la 4, 5, 7 na 8 yameulizwa kwa upande wa heri, kwa mfano kama ulijiamini kwamba matatizo yako utayaweza. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, ila kwa hayo manne alama hugeuzwa: 4 inakuwa 0, 3 inakuwa 1. Niliwahi kukaa na mama mmoja mpakiaji ambaye karatasi yake ilikuwa na tiki kwenye safu moja tu, juu hadi chini, zote "mara nyingi sana". Ukigeuza sawasawa anapata 24. Asiyegeuza anampa 40, alama ya mtu aliyeelemewa kuliko wote. Nikamsomea upya, swali moja moja, taratibu. Kwenye la nne akanishika mkono: "Kumbe hili linauliza mazuri?" Tulipomaliza alikuwa na 15. Tangu siku hiyo, mtu mwenye tiki za safu moja simhesabu kabla sijazungumza naye.

Tafsiri nayo ina mitego. Swali la 8 kwa Kiingereza limetumia nahau, na wengi huigeuza neno kwa neno ikawa "ulihisi uko juu ya mambo". Kwa Kiswahili hiyo haina maana, na mtu asiyeelewa swali hutia tiki katikati. Mimi huandika "ulihisi mambo yako unayamudu". Kubwa zaidi ni ngazi za majibu. Waulize watu watano kipi kimezidi, "mara kwa mara" au "mara nyingi", uone watakavyobishana. Tumia maneno yanayopanda bila utata: haijatokea kabisa, mara chache sana, wakati mwingine, mara nyingi kiasi, mara nyingi sana. Kisha kaa na watu kama wanane wa ghalani, si wa ofisini, kila mmoja akueleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Kazi hiyo inachukua siku moja na ina thamani kuliko wastani wowote utakaompelekea bosi.

Kuhusu usugu: dodoso linauliza mwezi mmoja tu. Na nyinyi mmepima Januari! Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, na mshahara wa Desemba ulishaisha kabla ya mwaka mpya. Aliyepata 30 Januari huenda ana 16 mwezi wa nne. Neno sugu linataka muda, kwa hiyo rudia kipimo hichohicho mara mbili zaidi, kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila mtu ajichagulie namba ya siri badala ya jina ili umfuatilie bila kumjua. Anayekuja na 28, halafu 27, halafu 29, huyo ndiye wa kunikosesha usingizi.

Lile dodoso fupi la maswali manne linafaa ukitaka kuona kundi zima linapanda au linashuka. Kwa mtu mmoja hapana. Alama zake zinaishia 16, na mawili kati ya manne ni ya kugeuza, kwa hiyo kosa la yule mama lingeharibu nusu ya kipimo.

Tena usichanganye msongo na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa sonona kuna dodoso jingine, PHQ-9, linalouliza wiki mbili zilizopita, na swali lake la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru. Hilo usiliweke mezani ofisini kama hakuna mtaalamu aliye tayari siku hiyohiyo kumpokea atakayejibu ndiyo.

Bosi mpe wastani wa kila idara, na idara yenye watu chini ya kumi iunganishe na nyingine ili mtu asitambulike. Mwonyeshe na zamu za usiku na saa za ziada za idara hizo, kwa sababu hapo yeye ana uwezo wa kubadilisha kitu. Msaada watangazie wote 64, kila anayetaka aje mwenyewe au aelekezwe Muhimbili, kwenye idara ya afya ya akili, bila kupitia kwa msimamizi wake.

Lakini kwanza toa zile karatasi 11, uangalie kama alama za swali la 4, 5, 7 na 8 ziligeuzwa na kama kuna safu ya tiki iliyonyooka. Hesabu upya zote 64 kabla hujamjibu bosi.